Wanaoifuata Nyundo Yangu

Jumapili alasiri. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua inajivuta tu, haijaamua kushuka. Siku nyingine ningeyafurahia mawingu haya, maana gome la mti linapenda hewa yenye unyevu. Leo sifurahii kitu.

Naogopa. Nimeliandika mapema ili nisije nikalizungusha.

Kwa mliojiunga juzi na hamnijui: mimi ni fundi cherehani, naishi machimboni, nje kidogo ya Runzewe. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na naziba ovaroli za wachimbaji, ambazo zikifika kwangu huwa ni matundu yaliyoshikana kwa uzi. Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wangu ni mavazi ya kale, yale waliyovaa watu wa huku kabla kaniki haijafika. Natengeneza mikanda ya shanga, nashonea simbi, yale makombe madogo ya baharini, kwenye ngozi, na tangu kiangazi kilipokaribia kwisha natengeneza nguo ya gome. Hakuna anayenituma. Mume wangu husema wenzake wana wake wanaopenda simu, yeye kapata anayependa magome.

Yote yameanza na chui. Vijana wa kigango kimoja kule Ushirombo, nyumbani kwetu, wanaandaa igizo la maisha ya zamani. Wakanitumia picha ya mavazi waliyotaka kukodi: nailoni ya madoadoa ya chui, kuanzia mtemi mpaka mchota maji. Nilikasirika hadi ugali ukaungua jikoni. Mchota maji avae chui, kamuua lini? Msumbwa wa kawaida alivaa ngozi ya mbuzi, au gome lililopigwa mpaka likalainika. Nikawaambia warudishe hao chui wao dukani, nguo nitawatengenezea mimi. Mdomo wangu huu.

Kulitoa gome nilijifunza kwa babu mzaa mama, nikiwa binti. Unachagua mti wa jamii ya mkuyu ulionyooka, unaukata duara juu na chini, unauchana kwa urefu, halafu unaubandua taratibu kwa kijiti. Kisha unaufunga mti majani ya mgomba kama mgonjwa mwenye bandeji, la sivyo unakauka. Watu wa nyumbani walinicheka wakisema nauguza miti. Gome nikalibeba kwenye kiroba chenye maji mpaka huku.

Kulipiga kunahitaji gogo. Langu ni zito na halitulii, likipigwa linabingirika, kwa hiyo nililifukia nusu ardhini, uani, karibu na ukuta wa chumba cha watoto ambako kuna kivuli. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Asubuhi natumia nyundo kubwa ya mti, yenye mitaro mipana, napiga kwa nguvu na polepole. Gome likishatanuka nalikunja, napumzika, naanza tena. Mchana nahamia kwenye nyundo ndogo yenye mitaro myembamba, na hiyo hupigwa haraka haraka. Mwanzoni lilikuwa kipande cha upana wa mikono yangu miwili. Likiisha linamfunika mtu mzima.

Za kwanza nilizipasua. Hii ya sasa imetoka laini, ina rangi ya chai ya maziwa, na haina kiraka hata kimoja. Nilikuwa nikiishika mara kwa mara hata nisipokuwa na sababu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Mume wangu, Baba Pendo, anafanya kazi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, upande wa pili wa barabara nyuma ya makarasha, mashine za kusaga mawe. Ni mbali na hapa kiasi cha mtu kuita na asisikike. Akitoka shimoni huwa hasemi sana. Anaoga, anakula, analala. Lakini wiki hizi alikuwa na furaha ambayo sikuielewa, mpaka Ijumaa wakati wa kula alipoiweka wazi. Alisema huko chini wanasikia watu wengine wakichimba. Kuna duara jingine, hawajui la nani, linakuja kuelekea kwenye mkanda wao wa dhahabu, na yeye ndiye aliyelisikia wa kwanza, akaweka sikio kwenye mwamba akamwita msimamizi wao, Ngasa. Ngasa akasikiliza, akaamua waache njia waliyokuwa wakifuata, wachimbe kuufuata mlio ili wawawahi hao wezi.

Huku kwetu maduara mawili yakikutana chini, aliyetangulia ndiye mwenye mali, na aliyechelewa anafukuzwa hata kwa moshi wa pilipili. Kwa hiyo nilimwelewa. Nikamuuliza tu, kwa kumchangamsha, hao wezi ni wachapakazi?

"Wa ajabu," akasema. "Asubuhi wanapiga polepole, mchana haraka haraka kama wamekuja watu wengine. Halafu wanasali hao, Jumapili kimya. Siku ya gulio kimya. Hata ile wiki Pendo alivyoumwa, wao nao hawakupiga."

Alikuwa anacheka huku anamega ugali.

Siku ya gulio nakwenda kuuza nguo. Wiki Pendo alipougua malaria sikuigusa nyundo.

Niliitazama sakafu. Sakafu ya chumba cha watoto ina ufa. Ulianza kama unywele, ukafika kwenye kitanda, na mimi nilimpigia fundi aliyeijenga nikamtukana kwa kuiba saruji. Mlango wa chumba hicho nao siku hizi unakwaruza chini na haufungi. Nikasema mbao imevimba. Mtu ukitaka kutoelewa jambo, sababu hazikosekani.

Nilimwambia hapo hapo. Alicheka. Nikamwambia tena, nikataja nyundo kubwa na nyundo ndogo, na gogo nilivyolifukia. Akaacha kucheka. Akanawa mikono kabla hajamaliza kula, akaenda uani gizani, akapiga gogo mara moja kwa kiganja, akabaki ameinama vile vile.

Alirudi ndani akawahamishia watoto sebuleni, akawaambia kuna kunguni.

Mnaweza kuniuliza, kama nilivyomuuliza yeye, kwa nini asiende kwa Ngasa usiku ule ule akaseme ukweli. Baba Pendo alinijibu kwa sauti ya chini sana. Wanaume wote wa duara lile wameacha mkanda wenye dhahabu, wamechimba wiki nyingi kwenye udongo mtupu, na aliyewaongoza ni yeye. Sasa aende awaambie kwamba kilichokuwa kinawaita ni mke wake, anayekaa juu akipiga gogo, na walikuwa wanakuja kwake bila kujua? "Watu wa chini hawaamini mambo ya sauti kusafiri kwenye udongo," akasema. "Wataniuliza, mkeo alikuwa anatuita atupeleke wapi."

Naijua nchi yetu hii. Nawajua wanawake walioitwa wachawi wakahamishwa kwenye nyumba zao kwa jambo dogo kuliko hili, na nawajua waliouawa kabla hawajahama. Tayari kuna wanaosema nakaa na vitu vya mizimu, kwa sababu ya simbi na ngozi zilizoanikwa kwenye kamba. Nilikuwa nikiwacheka. Niliwahi hata kuwaandika hapa kwa utani, na nyinyi mkacheka pamoja nami.

Jana Jumamosi sikupiga. Nilidhani ndiyo dawa. Nilidhani nikinyamaza watapoteza njia, watachoka, watarudi kwenye mkanda wao, na sisi tutalifukua gogo polepole na kulichoma kuni. Nililikunja gome nikalifunika kwa kitambaa chenye maji, nikashona sare siku nzima. Kila cherehani ilipotulia nilisikiliza.

Jana pia walichimba hadi jioni. Nikiweka kiganja kwenye saruji nilikuwa nasikia mtikisiko mdogo. Walikuwa chini yangu, watu ninaozijua ovaroli zao. Nazijua mpaka viraka vya magotini.

Leo kumepambazuka nikiwa sijalala vizuri. Saa za kutoka kanisani Baba Pendo alirudi anatembea upesi, na yeye si mtu wa haraka. Ngasa ameamua. Kwa maelezo yake, kimya cha jana maana yake wale wezi wameshafika kwenye mawe yenye dhahabu, wameacha kugonga, sasa wanajaza viroba. Watu wanaochimba hupiga kelele, wanaobeba hunyamaza. Kwa hiyo hakuna kuchimba tena kwa mkono. Leo jioni wanaweka baruti.

Nilichokifanya mimi kwa kunyamaza ndicho kimewaharakisha.

Tuliwapakia watoto kwenye bodaboda, nikawapeleka kwa wifi yangu Runzewe. Nikasema nina wageni wengi na nyumba ni ndogo. Baba Pendo akaenda kwa Ngasa. Alisema atamvuta pembeni, wawili tu, kabla baruti haijashuka, na atamweleza kama mwanamume na mwanamume. Aliniachia mambo mawili: nisiiguse nyundo, kwa sababu kila pigo linawavuta, na nisimwambie mtu. Aliahidi kupiga simu akimaliza.

Nilimwitikia yote. Nimerudi kutoka Runzewe, nimekaa mlangoni na simu mkononi.

Nilipokuwa naandika hapo juu nilisikia watoto wakicheka. Ni wa jirani yangu, Mama Shija. Kuta zetu zinatenganishwa na uchochoro wa kupitisha baiskeli. Tumekaa jirani tangu machimbo haya yalipokuwa mahema ya turubai. Pendo alizaliwa mikononi mwake, gari lilipochelewa. Watoto wake walikuwa wanaruka kamba uani. Kamba inapiga chini, wanaruka, wanatua wote kwa pamoja.

Wangu nimewatoa. Wake wanaruka juu ya shimo.

Nitasema ukweli, nilijaribu kulizoea hilo. Nilijiambia Ngasa atasikia. Nilijiambia labda mlio ulisafiri, labda wako mbali kuliko tunavyodhani. Nikaangalia simu. Nikampigia Baba Pendo. Haipatikani.

Simu ya mume wangu haipatikani akiwa sehemu moja tu, chini. Kama angeongea na Ngasa wakaelewana, angekuwa juu na angenipigia. Ameshuka au ameshushwa, sijui. Ninachojua ni kwamba hakusikilizwa.

Nikainuka nikaenda kwa Mama Shija.

Narudi sasa hivi kutoka huko na naandika haraka, mtanisamehe kwa makosa ya kuandika.

Nilimkuta anachambua mchele. Niliongea vibaya, nilianza katikati. Nikamwambia, Mama Shija, chukua watoto nenda kwa dada yako, hata kwa leo tu, hapa chini kuna watu wanachimba na watalipua. Akaniuliza nimejuaje. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema Baba Pendo kasikia, nikaishia hapo, na labda angekwenda. Lakini niliona ataniuliza zaidi, na sikutaka kumficha mtu aliyempokea mwanangu. Nikamweleza habari ya gogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulisimama ndani ya ungo.

"Kwa hiyo wewe unapiga huku juu," akasema, "na wanaume wanakuja."

"Wanafuata mlio, Mama Shija. Sauti inapita kwenye udongo."

"Wanakuja."

"Hawajui kama ni mimi. Ni makosa tu. Nakuomba, watoe watoto."

"Na wa kwako wako wapi?"

Nikasema nimewapeleka Runzewe. Nilipolisema tu niliona usoni mwake limeangukia wapi. Wangu wako salama, nimekuja kuwataka wa kwake. Aliweka ungo chini taratibu sana, akaniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu anayetafuta kitu nilichobeba.

"Yaya, mayu," akasema. Hapana, mama. Hajawahi kuniita mayu; hilo tunawaambia wanawake tusiowajua.

Akawaita wanawe mmoja mmoja kwa majina. Nilidhani anawakusanya waondoke. Akawaingiza ndani. Wa mwisho alisimama kunisalimia, "Shikamoo Mama Pendo," na mama yake akamvuta kwa mkono kabla sijaitikia. Mlango ukafungwa. Nikasikia komeo, halafu nikasikia kitu kizito kikiburutwa kuegemezwa mlangoni.

Niligonga. Niliita. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba akinichukia anichukie akiwa kwa dada yake. Akafunga na dirisha.

Amewakimbiza wasinikaribie mimi, akawaweka juu ya shimo lile lile.

Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji, simu inaita bila kupokelewa. Jumapili huwa yuko kwenye mifugo yake. Kukimbilia duarani nimewaza. Mwanamke hasogei karibu na mdomo wa shimo kirahisi, na siku ya baruti ndiyo kabisa. Nikifika pale nikiwa nahema na kupiga kelele kuhusu gogo, nitakuwa nimewathibitishia uchawi, na mume wangu yuko chini, mikononi mwao.

Nimebaki na kitu kimoja ninachoweza kukifanya nikasikika na wote walioko chini, bila mlango kufungwa.

Baba Pendo alisema nisiiguse nyundo. Lakini alisema hivyo akiamini atasikilizwa. Ngasa anataka kulipua kwa sababu kumenyamaza. Kukiwa na mlio, basi wale wezi wake bado wanachimba, bado hawajafika, na yeye hana haja ya kuharakisha baruti; ataendelea kuwafuata kwa mkono. Najua pia kwamba kila pigo litawasogeza hatua moja kwenye chumba cha wanangu. Sinunui usalama. Nanunua jioni moja, na asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mwenyekiti kabla hajafungulia ng'ombe, na nitasema yote, waniite watakavyoniita.

Nimejaribu kwanza gogo tupu. Linatoa mlio mkavu, mkali, hata mimi nisingeamini kuwa ni ule ule. Huko chini wameuzoea mlio wenye gome. Magome mabovu yalishaisha, niliyapa kuku wakatagia. Limebaki hili moja.

Gome likishakuwa jembamba kiasi hiki haliguswi tena na nyundo kubwa. Linatakiwa kuanikwa juani, limebanwa kwa mawe pembeni, basi. Nimelikunja mara nne nikaliweka juu ya gogo, nikashika nyundo kubwa ya asubuhi, ndiyo inayosikika mbali. Pigo la kwanza nilifumba macho.

Naandika wakati wa kupumzika, kama ninavyopumzika kila siku, maana nao wanayajua hayo mapumziko. Limeshatoboka katikati na nyuzi zinatoka. Sitalia kwa ajili ya nguo, nimejiambia, ingawa nimelia kidogo. Vijana wa kigango watavaa chui wao.

Nilipoanza kupiga, Mama Shija alianza kuomba. Anaomba kwa sauti kubwa, na watoto wanaitikia. Nikipiga, anapandisha sauti. Nikinyamaza, naye anashusha, kisha nasikia jina langu, lote, la ubatizo, ambalo machimboni hapa, mbali na mume wangu, analijua yeye peke yake.

Anamwomba Mungu aninyamazishe. Na mimi naomba asimsikilize, angalau mpaka Baba Pendo atoke chini.